Taiti endi: kazi mbili kwa mshahara mmoja

Mara ya kwanza mama yangu kuja kunitazama nikicheza, nilikuwa mwaka wa tatu sekondari, hapa Columbus, Ohio. Alikaa kwenye baridi mpaka mwisho, na tulipoingia garini akaniuliza: "Mwanangu, kazi yako pale ni ipi hasa? Mara nakuona umeinama na wale wanene mnasukumana, mara unakimbia mbele kabisa unataka mpira." Nimefundishwa na makocha wengi tangu siku ile, na hakuna aliyeieleza nafasi yangu vizuri kuliko yeye.

Kanuni za mpira wa Kimarekani zinataka timu inayoshambulia iweke watu wasiopungua saba kwenye mstari kabla senta, yule wa katikati ya mstari, hajatoa mpira. Watano wa katikati hawaruhusiwi kupokea pasi ya mbele. Wa mwisho kila upande anaruhusiwa. Taiti endi ni yule wa mwisho anayesimama bega kwa bega na wale watano. Jirani yake ni takeli, mtu wa kilo 140, ila yeye sheria inamruhusu kuchomoka na kudaka kama wapokeaji wembamba wa pembeni. Basi ana kazi mbili, kuzuia na kupokea. Atakayekuonyesha kwenye televisheni ni pasi uliyodaka. Atakayekuacha kikosini mwezi Novemba ni kocha aliyeona ulivyozuia. Mwongozo huu wote unatoka hapo.

Nilicheza NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, kati ya 2013 na 2015, na sasa nafundisha mataiti endi wa sekondari na wa vyuo. Nawaandikia vijana wetu wanaokulia Marekani, na zaidi wazazi wao, maana familia nyingi za wenzetu huku zilianza kuujua mchezo huu tangu enzi za babu zao. Sisi tunajifunzia barabarani.

Mwili unaotakiwa

Klabu za NFL hutafuta mtu wa sentimita 193 hadi 198, kilo 111 hadi 118, mwenye mikono mirefu na viganja vikubwa. Wapo wafupi kidogo waliofanikiwa, lakini ukiwa chini ya sentimita 188 jua utalazimika kuwa na mbio za ajabu. Usimpime mtoto wa miaka 14 ukamhukumu. Mimi nilirefuka sentimita 11 kati ya miaka 15 na 17.

Kama kijana wako anacheza mpira wa kikapu, mwache aendelee. Tony Gonzalez alicheza michezo yote miwili pale chuo cha California, Berkeley, kisha akadaka pasi 1,325 katika misimu 17 ya NFL, na hakuna taiti endi aliyemfikia. Antonio Gates alikuwa nyota wa kikapu Kent State, jimbo letu hili la Ohio, na chuoni hapo hakucheza mpira wa miguu na mikono huu hata mechi moja. Mwaka 2003 hakuna klabu iliyomchagua kwenye drafti, pale klabu za NFL zinapochagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Klabu ya Chargers ikampa nafasi, akafunga tachidauni 116, nyingi kuliko taiti endi yeyote, na mwaka 2025 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa, Canton. Jimmy Graham alicheza kikapu miaka minne chuo cha Miami na mpira mwaka mmoja tu kabla ya kuchaguliwa raundi ya 3 mwaka 2010.

Sababu yake ni rahisi kuiona ukisimama chini ya kikapu. Mchezaji mkubwa anayegombea mpira uliorudi hujifunza kumweka mpinzani mgongoni kwake, kupanua makalio, kusikilizia mtu yuko wapi bila kumtazama, kisha kuruka na kudaka mpira ukiwa juu kabisa. Hicho ndicho anachofanya taiti endi karibu na mstari wa goli.

Kuhusu kuongeza uzito, tafadhali nisikilize. Chuoni kocha mmoja aliniambia nirudi baada ya likizo nikiwa na kilo 16 zaidi. Nilikuwa na kilo 98. Nikala usiku na mchana, chochote kilichokuwa mbele yangu, na nikarudi na kilo 114 kama alivyotaka. Magoti hayakuwa yameandaliwa kwa mzigo ule. Goti la kushoto lilianza kuvimba mwezi wa pili wa mazoezi, na halijawahi kurudi kuwa kama la kulia. Vijana wangu leo nawapa kilo 4 au 5 kwa mwaka, uzito unaopanda pamoja na nguvu za mapaja na nyonga. Kocha anayemtaka kijana anenepe haraka hatakuwepo siku ya upasuaji.

Kuzuia

Hapa nitakaa sana.

Taiti endi anaanza akiwa ameinama, mkono mmoja chini. Angalia kucha zako. Ukiegemea sana mkono ule, damu inahama, ncha za vidole zinabadilika rangi, na beki mwenye uzoefu aliye mbele yako anaiona: huyu anakuja kunigonga. Ukiegemea nyuma, vidole vinagusa nyasi tu kama vya mpiga piano, naye anajua unachomoka kwenda kudaka. Weka uzito ule ule kila mara, kila mchezo, hata mazoezini, mpaka mwili usahau namna nyingine. Kijana wangu mmoja alikuwa akisomwa hivyo msimu mzima bila kujua. Tulimpiga picha mkono wake mara 40, tukazipanga mezani, akanyamaza muda mrefu.

Mpira ukitoka, hatua ya kwanza ni fupi, inchi 6 hivi, kuelekea upande unaotaka kumpeleka mtu. Wanaoanza hutaka kurusha hatua ndefu ili wafike haraka. Ukirusha hatua ndefu unabaki na mguu mmoja ardhini wakati kilo 125 zinakuingia kifuani, na hapo umeshapinduliwa. Kinachokuokoa ni hatua ya pili: lazima itue kabla ya mgongano. Miguu miwili chini, magoti yamekunjika, pedi zako chini ya pedi zake.

Mikono inaingia ndani ya kifua chake, vidole gumba vikitazama juu, viwiko vikibaki karibu na mbavu. Ukiupanua mkono ukamshika nje ya bega, refa anatupa kitambaa cha njano na timu inarudishwa yadi 10. Ukishamshika vizuri, usimame? Hapana, ndipo kazi inaanza: miguu iendelee kukanyaga, hatua fupi fupi zilizoachana, mpaka usikie filimbi. Kocha wangu wa kwanza alikuwa akilaza ubao mrefu chini na kutuambia tumsukume mwenzetu mpaka mwisho wa ubao bila kuukanyaga. Ukibananisha miguu unaukanyaga na unaanguka. Nimenunua ubao wa aina ile ile na vijana wangu wanauchukia kama nilivyouchukia mimi.

Kisha kuna kuzuia wawili kwa mmoja. Wewe na takeli mnamgonga beki yule yule, nyonga zenu zimegusana ili asipite katikati, lakini macho yenu yako kwa lainibeka, beki wa mstari wa pili, aliye nyuma yake. Akija upande wako, wewe unamwachia takeli yule wa kwanza na kumpokea lainibeka. Akienda upande wa takeli, unabaki. Hakuna anayesema neno. Mnafahamiana kwa mgandamizo wa nyonga tu, na ndiyo maana nawaambia vijana: rafiki yako wa kwanza chuoni awe takeli wa upande wako. Kaeni meza moja kwenye chakula, tazameni video pamoja.

Ukitaka mfano wa mtu aliyepandia ngazi hii, mtazame George Kittle. Alitoka Iowa, chuo ambacho taiti endi asiyezuia hapati nafasi, na kwenye drafti ya 2017 alisubiri mpaka raundi ya 5, nafasi ya 146. Mwaka uliofuata alipata yadi 1,377 za kupokea. Watu wanazikumbuka yadi. Mimi huwaonyesha vijana video zake za kukimbiza mabeki nje ya picha kwenye michezo ambayo mpira uko kwa mtu mwingine, na sura yake ile ya furaha akiinuka.

Kupokea

Kudaka kwa mikono kunajulikana: daka kwa vidole, usikumbatie kwa kifua, fuata ncha ya mpira kwa macho mpaka uingie kwapani. Mashine ya kurushia mipira ikiwepo, daka 100 kila baada ya mazoezi, na kati ya hizo 30 uzidake ukiwa umechoka na mtu anakupiga mgongoni kwa mto wa mazoezi. Hilo halihitaji maelezo mengi.

Linalohitaji maelezo ni kusoma ulinzi. Mabeki ama wanamlinda mtu, ama wanalinda eneo. Wakilinda mtu, unakimbia mpaka mwisho na kuachana naye kwa kona kali. Wakilinda maeneo, kati yao kunabaki madirisha, na kazi yako ni kuliona dirisha, kusimama ndani yake na kumgeuzia kifua kwotabeki, yule mrusha pasi. Vijana wenye mbio hulikimbia dirisha likabaki nyuma yao. Travis Kelce alikuwa kwotabeki sekondari, na nadhani ndiyo sababu anajua mpira utatoka lini na mrushaji anaona nini. Alipata zaidi ya yadi 1,000 kwa misimu 7 mfululizo, 2016 hadi 2022, na mara nyingi alikuwa amesimama tu mahali pasipo na mtu. Kama una nafasi ya kucheza kwotabeki ukiwa mdogo, hata kwa msimu mmoja, icheze.

Njia moja nawasihi muimiliki ni ile ya mshono: unakimbia moja kwa moja, katikati ya sefti wawili, mabeki wa nyuma kabisa, pale ulinzi ulipoungwa. Sefti akibaki upande wake, taiti endi ana nafasi. Akija kwako, mpokeaji wa pembeni ana nafasi. Hata usipotupiwa mpira umeshamfungulia mwenzako. Mpira ukija, jua kwamba utagongwa. Daka kwanza.

Chuo

NFL haimchukui mtu kabla ya kupita miaka mitatu tangu amalize sekondari, kwa hiyo karibu wote tunapitia chuo. Kwa kawaida unapewa misimu 4 ndani ya miaka 5. Tangu Julai 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na picha yake, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Mzazi asisaini chochote cha aina hiyo bila mwanasheria asiyelipwa na chuo.

Kuchagua chuo, usiangalie rangi ya jezi wala ukubwa wa uwanja. Chukua mechi nne za msimu uliopita na kalamu. Kila mpira unapoanzishwa, hesabu mataiti endi wangapi wako uwanjani. Timu inayoweka mmoja muda wote inahitaji mataiti endi wawili au watatu kwa mwaka. Inayoweka wawili nusu ya muda inahitaji wanne. Kisha hesabu mara ngapi taiti endi ameweka mkono chini karibu na takeli, na mara ngapi amesimama wima mbali pembeni. Chuo ambako hainami kamwe kitakufurahisha miaka minne, na ukifika kwenye klabu utagundua hujui nusu ya kazi. Waulize pia makocha swali hili, mbele ya mzazi: "Nani aliyemfundisha taiti endi wenu wa mwisho aliyefika NFL, na bado yuko hapa?"

Indianapolis, na simu ya Jumamosi

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, klabu zote 32 zinakutana Indianapolis kuwapima wachezaji zaidi ya 300. Mbio za yadi 40, kuruka juu, kuruka mbele, kunyanyua ratili 225 mara nyingi uwezavyo, mbio za kugeuka. Madaktari wa klabu wanakuvuta magoti kama wanunuzi wa ng'ombe, na usiku unahojiwa na makocha mbele ya video zako mbaya. Kwa taiti endi, mbio za chini ya sekunde 4.7 zinawafanya wainue kichwa. Mimi sikualikwa. Nilipimwa chuoni kwangu, siku ambayo maskauti hutembelea: sekunde 4.81, ratili 225 mara 19. Ni matokeo ya mtu wa kawaida.

Drafti ina raundi 7 kwa siku tatu za mwisho wa Aprili. Mwaka wangu, 2013, Kelce alichaguliwa raundi ya 3, nafasi ya 63. Jumamosi jioni raundi ya 7 iliisha, jina langu halikutajwa, na kabla mama hajazima televisheni simu yangu ililia. Hili watu wengi hawalijui: usipochaguliwa, unakuwa huru kuchagua, na dirisha hilo linafungwa ndani ya saa moja au mbili. Klabu tatu zilinipigia. Moja ilinipa dola 5,000 za kusaini, nyingine 2,000, ya tatu haikunipa kitu. Nilikubali ile ya 5,000 kwa sababu sijawahi kuwa na dola 5,000. Ilikuwa na mataiti endi watano wenye mikataba. Ile isiyonipa kitu ilikuwa na wawili.

Kwa hiyo andaa karatasi wiki mbili kabla. Klabu zote 32, mataiti endi wao, umri wao, mikataba yao inaisha lini, nani anazuia na nani anadaka tu. Wakala wako aijue karatasi hiyo kama wewe. Simu ikilia usisikilize kiasi. Tazama karatasi.

Kambi

Kambi inaanza Julai na wachezaji 90. Mwishoni mwa Agosti wanabaki 53. Klabu nyingi hubaki na mataiti endi watatu, na wewe mgeni, mchezaji wa mwaka wa kwanza, unagombea nafasi ya tatu. Sasa fikiri kama kocha mkuu: taiti endi wa tatu atacheza michezo michache ya kushambulia, kwa hiyo lazima alipie kiti chake mahali pengine. Mahali hapo ni vikosi maalumu, vile vya kupiga mpira kwa mguu na kuurudisha. Taiti endi ana mwili unaofaa kabisa pale: mzito wa kutosha kumlinda mpigaji, mwepisi wa kutosha kukimbia yadi 50 kumkamata mrudishaji. Nenda kwa kocha wa vikosi maalumu siku ya kwanza, kabla hujatafuta hata kabati lako, mwambie, "Kocha, niweke popote." Mimi nilikwenda siku ya tisa. Siku hiyo orodha yake ilishajaa.

Jifunze kitabu cha mbinu kwa nafasi zote tatu za taiti endi: yule wa mstarini, yule anayesogea nyuma ya mstari, na yule anayesimama mbali. Niliandika kila mchezo kwenye kadi, upande mmoja jina, upande wa pili mchoro nilioutengeneza bila kuangalia. Kadi zaidi ya 300. Wiki ya mwisho wa Agosti mmoja wetu aliumia kifundo cha mguu katikati ya mechi ya majaribio, kocha akageuka akauliza nani anajua kazi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshavaa kofia.

Nilikatwa hata hivyo. Inakuwa hivi: mtu mmoja wa ofisini, mpole sana, anakungoja mlangoni asubuhi na kusema kocha anataka kukuona, uje na tableti yako, ile yenye kitabu cha mbinu. Ukisikia tableti umeelewa. Mshukuru kila mtu kwa jina. Omba video zako. Siku ile ile usilipie nauli ya kurudi nyumbani, kaa karibu na simu hadi kesho yake saa sita mchana, maana klabu nyingine zinaweza kukudai, na klabu yako yenyewe inaweza kukurudisha kwenye kikosi cha mazoezi, wale wanaofanya mazoezi na klabu bila kuwa kwenye orodha ya 53. Ndivyo ilivyokuwa kwangu.

Fedha

Mwaka 2013 kikosi cha mazoezi kilikuwa kinalipa dola 6,000 kwa wiki. Mwaka 2025 mgeni alilipwa dola 13,000 kwa wiki, na mgeni aliyekuwa kwenye orodha ya 53 alikuwa na kima cha chini cha dola 840,000 kwa msimu. Zinasikika nyingi. Zigawanye kwa wiki 18 za msimu, ndivyo zinavyohesabiwa, na kumbuka kwamba mishahara ya wageni wengi haina dhamana: ukikatwa wiki ya 5, za wiki ya 6 hazipo. Kodi ya serikali kuu inachukua sehemu kubwa. Majimbo unakokwenda kucheza nayo yanadai kodi kwa siku ulizofanya kazi kule, isipokuwa machache kama Texas na Florida. Wakala haruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 3 ya mkataba. Atakayekuomba zaidi mkatae, na umjulishe chama cha wachezaji.

Taiti endi ana tatizo lake la pekee kwenye fedha, na kila kijana anapaswa kuijua kesi ya Jimmy Graham. Mwaka 2014 klabu yake, Saints, ilimwekea tagi, utaratibu unaomfunga mchezaji mwaka mmoja kwa mshahara unaokadiriwa kutokana na wanaolipwa zaidi kwenye nafasi yake. Tagi ya taiti endi ilikuwa kama dola milioni 7. Ya mpokeaji wa pembeni ilikuwa zaidi ya milioni 12. Graham alisema: mara nyingi nasimama mbali na mstari, nafanya kazi ya mpokeaji, nilipeni kama mpokeaji. Msuluhishi aliangalia alisimama wapi na akaamua kwamba ni taiti endi, maana hata akisimama wima mara nyingi alikuwa ndani ya yadi 4 kutoka kwa takeli. Baadaye alisaini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 40, mkubwa kwa taiti endi wa wakati ule. Lakini uamuzi ulibaki: ukifanya kazi mbili, unalipwa kwa ile ya bei ya chini. Mimi naona si haki, na nitaendelea kusema hivyo. Wewe unayeanza leo mwambie wakala wako aandike kwenye mkataba bonasi za pasi ulizodaka na za muda uliocheza, ili kazi ya pili ilipiwe angalau kidogo.

Kichwa chako

John Mackey wa Baltimore Colts aliubadilisha mchezo wetu kwenye miaka ya 1960. Kabla yake taiti endi alionekana kama takeli anayeruhusiwa kudaka kidogo. Yeye alidaka na kukimbia na mpira, mabeki wakimning'inia. Aliongoza pia chama cha wachezaji, na kesi yenye jina lake ndiyo iliyovunja kanuni iliyowanyima wachezaji uhuru wa kuhama. Taiti endi bora wa vyuo hupewa tuzo ya jina lake. Na huyo huyo alipozeeka alipoteza kumbukumbu. Mkewe, Sylvia, aliandika barua kwa mkuu wa ligi kueleza maisha yao yalivyokuwa, na mwaka 2007 ukaanzishwa mpango wa kulipia matunzo ya wachezaji wa zamani wenye maradhi hayo. Unaitwa Mpango wa 88, namba ya jezi yake. Alifariki mwaka 2011.

Siku hizi ukipata mtikisiko wa ubongo kuna hatua tano za kupita kabla ya kurudi, na daktari asiye mwajiriwa wa klabu lazima akubali. Utaratibu huo unafanya kazi kama unasema kweli. Nilimficha daktari mara moja, Oktoba 2014, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mtu anayengoja nafasi. Kwa siku nne taa ya jokofu ilikuwa ikiniumiza macho nikifungua mlango. Mke wangu ndiye aliyewapigia. Nilimkasirikia wiki nzima, na sasa nikimtazama binti yetu akisoma hukumbuka simu ile. Mzazi, mke, ndugu: namba ya daktari wa klabu iwe kwenye simu yako wewe pia.

Daftari

Nunua daftari dogo siku utakayosaini. Kila wiki ya msimu andika tarehe, mpinzani, na hadhi yako siku ya mechi: orodha ya 53, majeruhi, au kikosi cha mazoezi. Msimu unahesabiwa kwenye pensheni ukiwa na mechi 3 au zaidi kwa mshahara kamili. Kikosi cha mazoezi hakihesabiwi. Ukifikisha misimu 3 ya namna hiyo unapata haki ya pensheni, na bima ya afya inaendelea miaka 5 baada ya kuacha. Mechi 6 zinahitajika ili msimu uhesabiwe kwenye uhuru wa kuhama. Ni hesabu mbili tofauti, usizichanganye. Wakala ana wachezaji wengi, klabu ina wahasibu wake. Hesabu hii ni yako.

Daftari langu lina kurasa tatu zilizoandikwa. Mwaka 2013, mechi 4 za mwisho, nilipopandishwa kutoka kikosi cha mazoezi. Mwaka 2014, mechi 16. Mwaka 2015 kuna mistari miwili. Jumanne ya wiki ya tatu klabu, ambayo siitaji, ilimhitaji mtu anayeweza kumlinda mpigaji upande wa kushoto, na mimi nilikuwa nimejifunza wa kulia tu. Nikaitwa, nikaenda na tableti. Oktoba nikapata kikosi cha mazoezi kwingine, wiki tano, ambazo nimeziandika kwa penseli pembeni. Goti likamaliza mengine.

Vijana wangu wote wanajifunza pande mbili. Tunaanza na kushoto.